Baba yetu aliinuka kutoka kubeba boriti. Tumwandikeje?

"Assalaam alaikum. Baba yetu alifariki Rajabu 1446, yaani Januari 2025. Alizaliwa Lamu, ujanani akabeba boriti (miti ya mikoko ya kujengea) bandarini, baadaye akapata fungu katika jahazi, akafungua duka mtaa wa Langoni, huko huko Lamu, na mwaka 1983 akahamia Malindi akaanzisha duka la vifaa vya ujenzi. Duka hilo ndilo lililotusomesha watoto 11, kwa mama wawili. Tunataka kusoma wasifu wake siku ya hitima (kisomo cha kumwombea) ya mwaka na kuchapisha kijitabu kidogo cha familia. Kaka yangu mkubwa ameandika ukurasa mmoja na nusu: 'alikuwa mkarimu, mchapakazi, mcha Mungu, mpenda familia, alianza na mikono mitupu.' Hamna uongo ndani yake, lakini nikiusoma simuoni baba. Isitoshe, tangu afariki watu wanatujia: huyu alilipiwa ada, yule alipewa mabati, na sisi hatukujua. Tuyataje? Dukani tumekuta daftari za madeni, nyingine kwa hati za Kiarabu. Ndugu zetu wengine hawataki itajwe kwamba biashara ya boriti ilimwangukia. Na hata mwaka aliozaliwa hatukubaliani: kipande (kitambulisho) kinasema 1942, mwenyewe alikuwa akisema ana miaka 87, na shangazi asema alikuwa anatambaa Malindi ilipopigwa mabomu. Nianzie wapi?"

Wa alaikum salaam, dada yangu. Poleni sana, na Mola amghufirie mzee wenu.

Umeuliza mambo mengi, ila naona yote yanatoka kwenye sentensi moja: "nikiusoma simuoni baba." Wengi hudhani dawa yake ni kuongeza sifa, au kutafuta Kiswahili kizito zaidi, au kumpa kazi hiyo mtu mwenye shahada. Kaka yako hajakosea Kiswahili. Neno "mkarimu" kwake yeye limejaa, kwa sababu akiliandika kichwa chake humalizia mengine yote: sauti ya mzee, mkono wake kwenye droo ya pesa, jinsi alivyogeuza uso mtu akimshukuru. Sifa ni kama hawala, hati ya kutumiana pesa. Hulipika tu pale ambapo wa upande wa pili ana akiba. Ndugu na jirani wanayo akiba hiyo, kwa hiyo katika nyumba ya matanga ukurasa ule ulionekana umetimia. Mjukuu wa miaka minne hana akiba yoyote ya babu yake, na kijitabu mnamwandikia yeye.

Kipimo ni rahisi. Chukua kila sentensi ya kaka, ufute jina la baba na uweke la jirani yenu yeyote aliyekuwa mtu mwema. Sentensi ikibaki kweli, haijamsema baba. Nadhani ukurasa mzima utaanguka, na kaka asivunjike moyo, kwa kuwa karibu kila wasifu wa kwanza huanguka hapo. Msiutupe. Uwekeni kama orodha ya mambo ya kutafutiwa ushahidi: kila sifa mwulizeni mtu aliyeiona kwa macho. Tuseme aliyekuwa mpimaji wake dukani anakwambia kwamba misumari ikishapimwa na mizani kusimama, mzee alitia ukufi (konzi) mmoja zaidi kabla ya kufunga karatasi, na kijana akisahau kuutia, yeye mwenyewe alimwita mteja arudi. Hapo huhitaji tena neno "mkarimu". Ukiliacha libaki litapunguza nguvu ya ukufi.

Anza basi na watu, na karatasi zifuate. Andika majina kati ya 12 na 15, na msiwe ninyi watoto peke yenu. Mama zako wote wawili, shangazi, aliyefanya kazi naye bandarini, nahodha au baharia wa lile jahazi, mpimaji wa duka, dereva, mteja wa miaka mingi, na mfanyabiashara aliyeshindana naye. Huyo wa mwisho familia nyingi humwacha, na mara nyingi ndiye ajuaye bei, hila na ujasiri wa marehemu kuliko mtoto yeyote. Mpangilio usifuate heshima ya cheo. Aliye mzee zaidi na aliye mgonjwa aanze, wiki hii hii. Shangazi yako kwa hesabu zako ana umri unaopita wa baba, kwa hiyo usimngojee hadi karibu na hitima.

Usimwulize mtu "Baba alikuwa mtu wa aina gani?" Swali hilo ndilo linalozaa sifa, maana limeomba sifa. Kumbukumbu ya mtu hukaa katika mahali, vitu na mikono, kwa hiyo ulizia huko. Duka la Langoni, ukiingia, mkono wa kulia kulikuwa na nini? Ufunguo alikuwa nao nani? Alikula wapi mchana, na nani alimpelekea? Mara ya mwisho alipokukasirikia ilikuwa kwa jambo gani? Alikataa kumuuzia nani, na kwa nini? Ukishauliza, nyamaza. Hesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kumsaidia mzee kujibu, kwa sababu lile jambo lenyewe mara nyingi hutoka kwenye hesabu ya saba au nane, akiwa ameshakwambia "sikumbuki".

Rekodi kwa simu, baada ya kuomba ruhusa. Ondoa mtandao ili simu isikatize, iweke juu ya kanga iliyokunjwa (juu ya sinia au meza tupu kila kikombe kitasikika kama nyundo), umbali wa mkono mmoja kutoka kinywani mwa mzee, mbali na dirisha la njiani. Pima dakika moja na uisikilize kabla hamjaanza. Dakika 40 hadi 60 zatosha kwa kikao kimoja. Baada ya alasiri ni wakati mzuri, mradi mmalize kabla ya adhana ya magharibi. Rekodi ya saa moja kwa mpangilio wa kawaida wa simu huchukua MB 30 hadi 60, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kufuta. Ipe jina na tarehe siku ile ile, uiweke mahali patatu, pamoja na kwa ndugu aliye nje ya nchi. Kuiandika neno kwa neno saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita. Usiandike yote. Sikiliza ukiwa na kalamu, andika dakika na jambo lililosemwa, kisha nakili zile sehemu tano au sita zinazokugonga.

Sasa mikono mitupu. Hapa nitasema wazi kwamba siipendi sentensi hiyo, ingawa najua wanaoisema huisema kwa mapenzi. Inamfanya mzee aonekane ameota peke yake kama mkoko kwenye tope, na inawafuta watu. Fikiria boriti zilivyokuwa zikifanyika. Wakataji walikaa wiki kadhaa ndani ya mikoko, mahali pasipo na maji ya kunywa wala duka. Mchele, maji na tumbaku vilibidi viende nao, na aliyevilipia alilipwa boriti ziliporudi. Boriti zilihesabiwa kwa korija, yaani 20 kwa 20, zikapangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mchukuzi asiyejua kutofautisha pau na mazio kwa jicho aliendelea kubeba hadi mgongo uishe. Aliyejua, tajiri alimwona. Kwa hiyo ulizeni: nani alimfundisha kupanga? Nani alimpa mzigo wa kwanza kwa mali kauli, yaani auze kwanza alipe baadaye, na alimwamini kwa dhamana ya nini? Fungu la jahazi alilinunua kwa fedha iliyotoka wapi?

Kwenye swali hilo la mwisho, mwulizeni mama mkubwa mkiwa peke yenu. Katika familia nyingi za pwani mtaji wa kwanza wa mume ulikuwa dhahabu ya mke, vikuku au mkufu, uliouzwa kimya kimya na haukutajwa tena kwa kuwa mume alikuja kuurudisha mara mbili. Kama ndivyo ilivyokuwa kwenu, na mama akaridhia litajwe, hiyo ni aya nzima. Haimpunguzii baba kitu. Mtu aliyepewa mali kauli na watu watatu tofauti na akawalipa wote amethibitisha jambo ambalo mikono mitupu haiwezi kulithibitisha, nalo ni kwamba neno lake lilikuwa fedha.

Mkitaja kiasi, tahadhari na shilingi. Noti za Kenya zilianza kutolewa 1966, na kabla yake zilitumika za Afrika Mashariki. Kumwambia mjukuu kwamba babu alianza na shilingi 20 hakumwambii kitu, na kuzigeuza kwa thamani ya leo ni kubahatisha. Tafuta kipimo cha wakati ule ule kutoka kwa wazee: ilikuwa ujira wa siku ngapi za kubeba? Ilinunua korija ngapi za pau?

Mwaka wa kuzaliwa unafurahisha, kwa sababu marehemu na shangazi huenda hawagombani. Mzee alisema miaka 87. Je, aliihesabu kwa Ramadhani? Wazee wengi wa Lamu huhesabu hivyo. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi, na kila miaka 33 ya mwezi ni takriban 32 ya jua. Miaka 87 ya Hijria ni kama miaka 84 na miezi mitano ya jua. Toa 87 kwenye 1446 unapata 1359, na aliyetimiza miaka 87 kufikia Rajabu 1446 amezaliwa kati ya Rajabu 1358 na Rajabu 1359, yaani kati ya Agosti 1939 na Agosti 1940. Malindi ilipigwa mabomu na ndege za Waitaliano Oktoba 1940. Mtoto anayetambaa ana miezi sita hadi kumi. Shangazi na marehemu wanakutana vizuri kabisa mwanzoni mwa 1940, na kilichopotoka ni kipande, jambo la kawaida kwa watu wa rika lake, ambao wengi mwaka wao ulikadiriwa na karani. Andikeni "alizaliwa takriban mwaka 1940" na katika kijitabu mwongeze mstari mmoja unaoeleza kwa nini kipande chasema 1942. Msibadilishe chochote kwenye karatasi za serikali kwa ajili ya wasifu. Cheti cha kifo, hati za benki na za ardhi ziendelee kufuata kipande, ama mtajitafutia usumbufu wa miezi.

Kwa miaka mingine, tumieni mbinu hiyo hiyo ya shangazi: funga jambo la nyumbani kwenye jambo la nchi. Duka la Langoni lilifunguliwa kabla au baada ya Uhuru, Desemba 1963? Wakati wa vita vya shifta, watu wa bara wakikimbilia visiwani, lilikuwepo? Kenyatta alipofariki Agosti 1978 baba alikuwa safarini au nyumbani? Wafungwa walikuwa bado wamo ndani ya ngome ya Lamu? Jela ile ilidumu hadi 1984. Kwa upande wa Malindi kuna mvua za El Niño za 1997 na tsunami ya 26 Desemba 2004, ambazo mwenye duka la ujenzi hawezi kuzisahau. Upepo nao ni shahidi. Vyombo vya Uarabuni vilikuja na kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini) na kuondoka na boriti kusi (upepo wa kutoka kusini) linapoanza, kabla halijapata nguvu. Akisimulia mtu kwamba walipakia boriti za Ghuba katikati ya Julai, kusi likiwa kali, usimbishie mbele ya wageni, ila weka alama ya kuuliza pembeni. Na tarehe yenyewe ya kifo iangalieni tena: "usiku wa Ijumaa" kwetu ni Alhamisi baada ya magharibi, na nimeona tangazo la msiba lenye tarehe mbili kwa sababu mtoto mmoja alihesabu kwa jua na mwingine kwa mwezi.

Ndugu zako wasiotaka anguko la boriti litajwe wanaogopa aibu, na ni haki yao kuuliza. Lakini aibu ni ya nani? Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi. Mtu aliyekuwa na fungu katika jahazi, wakataji wanaomdai ujira na mzigo uliolala pwani alipigwa na amri ambayo hakuiandika. Mwaka uliofuata baba yenu yuko Malindi anauza misumari na mabati. Ukiruka 1982, safari ya Malindi inakuwa haina sababu, na msomaji atadhani mzee alichoka na Lamu. Ukiiweka, mtu wa miaka 43 hivi mwenye watoto wadogo anaanza upya katika mji ambao si wake. Swali la kuwauliza wazee ni moja: wakataji waliokuwa wakimdai, aliwalipaje? Jibu likiwa jema, ndiyo aya bora ya kijitabu. Likiwa baya, yaani wapo ambao hawajalipwa hadi leo, hilo si la kijitabu tena. Ni deni la marehemu, lishughulikieni kabla hamjachapisha hata ukurasa mmoja.

Kama kuna makosa mengine ya tabia, kama hasira au ukali kwa watoto, hukumu yangu ni hii. Katika hadithi iliyomo kwa Bukhari tumekatazwa kuwatukana waliokufa, kwa kuwa wameshafika kwenye yale waliyoyatanguliza. Kutotukana hakulazimishi kupaka chokaa. "Hakuwa mwepesi wa kusamehe uchelewaji" ni kweli, na watoto wake 11 watacheka waisikiapo. Jambo lenye mtu hai aliyeumizwa liacheni.

Tuje kwenye ada na mabati. Hapa ndipo familia nyingi, kwa furaha ya kugundua wema wa mzee, hukosea vibaya. Mzee wenu alificha, na alikuwa na sababu. Sura al-Baqara, aya ya 271, yasema kutoa sadaka kwa dhahiri ni vizuri, na kuificha na kuwapa mafukara ni bora zaidi. Lakini siri ile ilikuwa na watu wawili ndani yake. Wa kwanza amekwenda zake. Wa pili yuko hai, anakwenda sokoni, na mwanawe huenda hajui kwamba ada yake ililipwa na mtu baki. Kumtaja ni kumvua nguo ambayo baba yenu alimvalisha.

Wengine hufuta jina wakidhani wamemaliza. Lamu haifichi hivyo, wala Malindi ya zamani. "Mjane wa fundi seremala, mwenye mapacha" ni jina kamili kwa yeyote aliyekulia mtaa ule. Kwa hiyo elezeni namna alivyotoa, muache aliyepewa. Alilipa ada vipi, kwa mkono wake au kupitia karani wa shule? Mabati aliyatoa kama zawadi au aliyaandika daftarini kama deni asilolidai kamwe? Aliwaambia nini wabebaji waliopeleka? Namna ya kutoa ndiyo inayomwonyesha mtu, na haimtaji yeyote. Mfano wa sentensi: "Baada ya kifo chake tulijua kwamba zipo ada alizokuwa akilipa kwa sharti moja, risiti iandikwe jina la mzazi." Hivyo tu, kama ndivyo ilivyokuwa, na bila idadi. Aliyesaidiwa akitaka mwenyewe kusimama siku ya hitima aseme, hiyo ni hiari yake, na msimwombe. Vitu vya hadhara, kama kisima, mikeka ya msikiti au wakfu wenye hati, vitajeni kwa uwazi pamoja na mahali vilipo, kwa sababu watu wanahitaji kujua vilivyowekwa wakfu ili visije vikauzwa.

Daftari za madeni ni jambo zito kuliko wasifu, na naomba mlitenganishe nao. Deni ambalo watu walidaiwa na baba ni mali ya tirka, yaani mali aliyoiacha marehemu. Ni haki ya warithi wote kwa mafungu yao, wakiwemo mama zenu wawili wanaogawana thumuni moja. Siku ya hitima mtu huchangamka, akashika kipaza sauti akatangaza, "Tumewasamehe wote waliokuwa wakidaiwa na baba." Amesamehe asichokimiliki. Kila mrithi mtu mzima aweza kusamehe fungu lake, na la mwenzake hawezi, na la mrithi aliye mdogo halisamehewi na yeyote. Kaeni kikao, kila mmoja aseme lake kwa hiari, iandikwe na ishuhudiwe. Kuwapa muda walio na dhiki, au kuwasamehe, kumesifiwa katika al-Baqara aya ya 280, kwa hiyo mlango uko wazi, ila uingieni kwa utaratibu. Na madeni aliyodaiwa yeye yatangulie: hulipwa baada ya gharama za maziko, kabla ya wasia, na wasia hauzidi theluthi wala haupewi mrithi, kisha ndiyo mirathi. Mkitofautiana, au ardhi na jina la biashara vikiingia, nendeni Mahakama ya Kadhi. Lamu iko, Malindi iko. Hapo maandishi yangu hayatoshi, wala ya mtu mwingine yeyote asiyeziona hati zenu.

Majina ya wadaiwa yasiingie kijitabuni hata kwa picha ya ukurasa. Mnaweza kupiga picha jalada la daftari, au ukurasa wa bei za bidhaa.

Zile za hati za Kiarabu, kama ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo, mwalimu wa kawaida wa Kiarabu atakwama, kwa sababu herufi moja hubeba sauti zaidi ya moja na maneno mengi yatakuwa ya Kiamu (Kiswahili cha Lamu) cha dukani. Mtafuteni mzee aliyesoma barua za biashara, akae na daftari na mmoja wenu pembeni anaandika. Tarakimu jihadharini nazo wenyewe. Duara dogo ni 5, na sifuri ni nukta. Inayofanana na 7 yetu ni 6, inayofanana na V ni 7, na V iliyopinduliwa ni 8. Kijana aliyesoma shule tu ataona duara na nukta mbili aseme hakuna kitu, kumbe mtu alidaiwa 500. Kurasa zilizogandana kwa unyevu wa bahari msizivute wala kuzianika juani. Zifungeni ndani ya bahasha ya karatasi, msitumie plastiki, mkaulize watu wa makumbusho pale Lamu kabla ya kugusa zaidi. Picha za zamani zipigeni kivulini karibu na mlango, bila mwanga wa simu, na nyuma yake andikeni majina kwa penseli laini, si kalamu ya wino. Selotepu isiguse chochote.

Kuhusu familia: watoto 11 waandikeni katika orodha moja kwa umri, kila mmoja na jina la mama yake. Orodha mbili, ya mama mkubwa na ya mama mdogo, huwa kila mtu anaipima kwa rula aone nani ana kurasa nyingi. Waliotangulia wakiwa wachanga waingie. Aliyelelewa nyumbani bila kuzaliwa na mzee aingie pia, kwa maneno "aliyemlea", asiitwe mwanawe wa nasaba. Kisha mkumbuke kwamba "mpenda familia" nalo ni neno la hawala. Mtu mwenye nyumba mbili aligawa vipi siku zake? Aliporudi alibeba nini? Nani alikaa naye akiugua? Mama akicheka kabla ya kujibu swali, hapo pana kitu, subiri.

Wasifu wa kusomwa usizidi dakika saba. Msomaji mtulivu mbele ya watu husoma maneno 90 hadi 110 kwa dakika, kwa hiyo mna maneno kama 700. Baada ya kumtaja marehemu na nasaba yake, ingieni moja kwa moja katika kazi, boriti begani, ukufi, 1982, kwa mambo matatu au manne mliyohakikisha. Orodha ya safari, vyeo vya kamati na majina ya wajukuu hubaki kijitabuni. Mkitaka shairi, Lamu haikosi malenga. Mpeni yale mambo matatu badala ya sifa, na mwombeni utenzi wa beti zisizozidi 12, mizani nane kwa mstari. Msomaji asiwe mtoto anayelia haraka. Andika kwa herufi kubwa, nafasi pana, na mwenye nakala ya pili akae karibu naye ili aendeleze sauti ikikatika.

Neno moja kwako wewe. Kusikiliza sauti za waliompenda baba kwa saa nyingi kunafukua. Huzuni inayokuja na kuondoka ni ya kawaida. Lakini ukikosa usingizi au chakula wiki nyingi, ukashindwa na kazi za kila siku, au ukaona bora nawe usiwepo, weka daftari chini, umwambie mtu wa nyumbani siku hiyo hiyo na uende hospitali uonane na daktari au mshauri ana kwa ana. Kijitabu kinaweza kungoja mwaka mwingine.

Kijitabu chenyewe ni karatasi za A4 zilizokunjwa katikati na kubanwa pini. Kila karatasi hutoa kurasa nne, kwa hiyo pangeni 24 au 28, msipange 25. Kabla ya kwenda kwa mchapaji, msomeeni kwa sauti mama mkubwa siku moja na mama mdogo siku nyingine, kila mmoja nyumbani kwake, nakala ile ile neno kwa neno. Chapisheni kwanza nakala 40 tu. Kosa la jina litajitokeza wiki ya kwanza, na litakuwa la mtu anayejua kulalamika.